Jinsi Samadi ya Soko la Chwele Ilivyolaza Wimbi Langu

Akina mama, pamoja na nyinyi wanaume mlioketi karibu na mlango ili mtoroke nikirefusha, kuna jambo nimelikana kwa muda mrefu. Ni mimi. Yule mwanamke aliyekuwa akionekana soko la mifugo la Chwele, jioni baada ya wanunuzi kuondoka, amejifunga leso hadi puani, anazoa mavi ya ng'ombe kwa karai, alikuwa mimi. Mmeniuliza mara nyingi. Fundi wetu wa cherehani aliniuliza ana kwa ana, nikamwambia duniani watu hufanana. Mke wa mchungaji nilimwambia siku hiyo nilikuwa Kitale. Mama yangu mzazi nilimwambia nilikuwa natafuta pete iliyoanguka. Mama akanitazama, akauliza ni pete gani hiyo inayoanguka kila siku ya soko.

Sasa nimesema, na paa halijaanguka. Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki ameniomba nishuhudie jinsi nilivyoporomoka na jinsi nilivyoinuka, nisimtaje mtu kwa jina, na nisizidishe muda. Hilo la majina nitalitii.

Wengi wenu mlinijua nikiwa Kitale, nafanya kazi ya ofisi katika shirika moja. Meza yangu ilikuwa na kioo juu, na chini ya kioo nilikuwa nimeweka picha yangu ya mahafali, nimevaa joho, natazama mbali kama mtu anayeona mustakabali wa taifa. Chuo kikuu nilisomea historia. Ukiniuliza habari za vita vya wafalme wa Ulaya, nilikuwa na jibu. Bahati mbaya katika miaka yote ya kazi hakuna aliyewahi kuuliza. Halafu, katikati ya miaka hii ya tisini, mashirika yakaanza kupunguza watu, na sisi tuliojua wafalme tukapunguzwa mapema. Nilirudi nyumbani Bungoma na sanduku la nguo, godoro, na kile kioo cha meza, ambacho hadi leo sijui nilikibeba cha nini.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa chini. Mtu akibisha mlango wa mama, mimi naingia chumba cha ndani. Sikutaka kuulizwa kama niko likizo. Nililala mchana hadi mama akaanza kufagia kando ya kitanda changu kama mtu anayefagia kando ya kabati.

Aliyenitoa kwenye chumba hicho ni senge, yaani shangazi yangu, dada ya marehemu baba. Senge anaishi Kitale, lakini ana shamba la ekari moja huku kwetu, nyuma ya Chwele, alilolinunua mwenyewe miaka ya themanini alipokuwa akileta vitunguu kutoka Lwakhakha, kule mpakani. Wakati huo pande zote zilikuwa mashamba ya wimbi. Kisha miwa ikaingia. Jirani mmoja akapanda, mwingine akapanda, hadi shamba la senge likabaki kama meza katikati ya msitu. Na miwa, mnajua, ikishaingia haitoki. Unaikata, inachipuka, unaikata tena, inachipuka tena, na wewe mwenye shamba unanunua wimbi la uji sokoni kwa kikombe. Jirani wa upande mmoja alikuwa amemwomba senge shamba hilo mara nyingi. Tutamwita mtu wa miwa. Si mtu mbaya, ila alikuwa na haraka.

Senge alikuja kwa mama, akaketi, akanywa chai yake yote bila kunitazama, ndipo akasema, "Nakupa hiyo shamba uvune wimbi mara mbili. Ikikushinda, namwachia huyu wa miwa, na wewe utafute pahali pengine pa kulala mchana."

Ndivyo nilivyopata ukulima. Sikuwa na kitu kingine duniani. Ningepoteza shamba lile, ningerudi chumba cha ndani, na sijui kama ningetoka tena.

Sasa sikilizeni msomi alivyofanya. Kitale nilikuwa nimeona mashamba makubwa ya mahindi. Nilikuwa nimeona kwamba mkulima akiongeza mbolea, mahindi hunenepa kama mtoto wa tajiri. Nikakata kauli, bila kumuuliza mtu, kwamba wimbi ni mahindi madogo. Mbolea ya dukani sikuwa na uwezo nayo, lakini soko la mifugo lilikuwa pale pale, na ng'ombe hawaombi malipo kwa wanachoacha. Nikaanza zile safari za jioni. Nilizoa samadi ikiwa bado ina joto. Vijana wa baiskeli walikataa kunibebea, wakisema kiti cha abiria kitanuka, kwa hiyo nilibeba mwenyewe kichwani, nikapita njia ya nyuma, nikamwaga shambani na kufukia. Kila siku ya soko nilirundika juu ya ile ya juzi. Nikamwaga mbegu kwa mkono, mvua ikanyesha.

Akina mama, lile wimbi liliota. Lilikuwa la kijani kibichi mpaka linaelekea weusi. Lilikuwa refu kuliko wimbi lolote nililowahi kuona, lina majani mapana, limejaa karibu shamba zima bila nafasi ya kupitisha mguu. Nilipalilia kwa mikono, nikang'oa mimea iliyoonekana dhaifu, nikaiacha ile yenye nguvu, nikajiona nina jicho. Nikaita watu waje waone. Baadhi yenu mlikuja. Mlisimama pale ukingoni mkasema, "Ahaa," na mimi nikadhani ni sifa.

Kisha likatoa masuke, na mambo mawili yakatokea kwa pamoja. La kwanza, nusu ya ile mimea yenye nguvu haikuwa wimbi. Ilikuwa wimbi mwitu, lile gugu linalofanana na wimbi kama pacha hadi siku ya kutoa suke, ndipo unaona vidole vyembamba vyenye mbegu nyeusi zinazopukutika ukizigusa. Ng'ombe alikuwa amelila malishoni, akalileta sokoni tumboni mwake, na mimi nikalibeba kichwani hadi shambani kwa senge. Na katika palizi yangu yenye jicho, niling'oa wimbi nikabakisha gugu. La pili, lile wimbi la kweli lililosalia lilikuwa na mwili wote kwenye majani. Shina lilikuwa laini kama la mboga. Mvua moja yenye upepo ikaja mchana, na nilipotoka kwenda kutazama, shamba lilikuwa limelala kifudifudi.

Senge akapata habari, akaja. Alitembea katikati ya ule mkeka, akainama, akavuta mmea, akaniinulia.

"Hii ni nini?"

"Ni wimbi, Senge."

"Hii ni nyasi. Umepalilia nyasi." Akavuta mwingine. "Na hii ndio wimbi. Mbona imelala? Ama imeiga mwenye shamba?"

Mtu wa miwa alikuwa ng'ambo ya ukingo, anajifanya anakata majani. Nilimsikia akikohoa kicheko. Senge hakunifokea. Alisema tu kwamba imebaki mara moja, akashika njia ya Kitale.

Hapo ndipo nilipotaka kuacha. Niliingia shambani na kisu kidogo kuokota masuke machache yaliyofaa, nikaokota huku nalia, nikapanda na mteremko hadi kona ya juu kabisa. Na kona ile, ndugu zangu, wimbi lilikuwa limesimama. Lilikuwa fupi, limefika kiunoni tu, majani si ya kujivunia, lakini masuke yamefumba kama ngumi, mazito, yana rangi ya kahawia iliyoiva. Nilisimama nikalitazama nikijiuliza kona hii nimeifanyia nini. Sikuwa nimeifanyia kitu. Kona ile ilikuwa mbali na juu, kiuno kilikuwa kinaniuma, na hata siku moja sikuwahi kuipelekea karai. Kila nilipofanya bidii, wimbi lilikuwa chini. Nilipofanya uvivu, lilikuwa wima.

Nilicheka peke yangu. Nilikimbia, kisu mkononi, hadi kwenye mkutano wa kikundi chetu, ambao kwa aibu nilikuwa nimeukwepa tangu nirudi Bungoma. Mlidhani nimekuja kumchoma mtu. Nikaketi, nikauliza kwa sauti ya kisomi kwamba, tuseme kuna mtu fulani, simjui, ametia samadi mbichi nyingi katika wimbi, mtu huyo afanyeje.

Mwenyekiti akaniambia, "Huyo mtu si ni wewe?"

Nikasema si mimi.

"Basi huyo mtu ambaye si wewe mwambie samadi ni kama uji. Haimwagwi ikichemka."

Na hapo ukazuka ubishi ambao sijawahi kuusikia hata chuo kikuu. Mwenyekiti alishikilia kwamba samadi ni lazima irundikwe, imwagiwe maji, ifunikwe kwa majani ya ndizi na kupinduliwa, na kwamba ndani ya rundo kuwe na kijiti: ukikichomoa kikiwa moto, samadi bado inajipika, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu. Fundi wa cherehani akasema samadi ni kujitesa bure, kwao wimbi lilipandwa palipochomwa takataka, na majivu ya jikoni ndiyo yanayotuliza udongo uliochacha. Mke wa mwalimu akasema wote wamekwama zamani za mabibi zao. Yeye hupanda wimbi pale alipovuna maharagwe, anaacha mizizi ya maharagwe ardhini, na baada ya palizi ya kwanza anatia mbolea ya dukani kidogo, ile unayoshika kwa ncha za vidole, na hathubutu kuongeza hata akiiona nyingine imebaki kwenye mfuko.

"Wewe una bwana wa mshahara," Fundi akamwambia. "Sisi mbolea yetu iko kwa jiko."

"Na ndio maana wimbi yako ni kama nywele ya mzee."

Mwenyekiti akawanyamazisha, akanigeukia, akauliza nitamfuata nani. Niliwatazama. Kila mmoja alikuwa na hakika, kila mmoja alikuwa amekula wimbi lake mwaka ule, na mimi nilikuwa na shamba moja na nafasi moja. Nilisema njooni wote. Tugawe shamba la senge vipande vinne, kila mtu atunze chake kwa njia yake, na kipande cha nne kiwe changu. Nilijua ninaweka shingo yangu mikononi mwa watu wanaobishana. Lakini nilikuwa nimejaribu shingo yangu kwa hekima yangu peke yangu, na mliona matokeo.

Mvua za vuli tulipanda maharagwe, na hiyo ikamfurahisha mke wa mwalimu kupita kiasi. Mwenyekiti akajenga rundo lake kando ya shamba, akawa anakuja kukichomoa kijiti na kukishika kama daktari. Fundi alianza kukusanya majivu, na hapo kukawa na shida, maana kwetu ukienda kuomba majivu ya jiko la mtu, anakuuliza unataka kuyafanyia nini. Mama mmoja alimfungia mlango. Mwingine alimpa majivu kisha akaita watu wa maombi. Ikabidi mwenyekiti atangaze kanisani kwamba fundi wetu harogi mtu, analima.

Ilipofika siku ya kupanda, Fundi alikuja na uzi wa cherehani na vijiti viwili. Akasema safari hii hakuna kumwaga mbegu kama anayelisha kuku. Tutapanda kwa mstari, kama kushona. Wengine walinung'unika kwamba wimbi halijawahi kupangwa foleni. Lakini alikuwa na sababu iliyoniingia mara moja. Wimbi mwitu halijui mahali tulipovuta uzi. "Itakayomea nje ya mstari tunang'oa bila kesi," alisema. Na tuling'oa. Tulipalilia tukiwa tumeinama safu moja, tunasengenya wanaume wenu, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke Kitale sikukumbuka meza yangu.

Lakini leo nimekuja kusema ukweli. Kipande changu nilikuwa nimekubali nikitilie samadi ya mwenyekiti, iliyopoa, kwa kiasi alichonionyesha. Nikatia. Kisha kila nikipita nikaona chake kimenizidi kidogo urefu, moyo ukauma. Siku moja ya soko nikajifunga leso. Nilikwenda Chwele, nikazoa karai chache, nikaongeza katikati ya mistari yangu, nikafukia vizuri mtu asione.

Wimbi likiwa limeanza kujaza punje, mvua ya mawe ikateremka kutoka mlimani. Tulikutana njiani bila kuitana, sote wanne, gumboot na leso. Tulifika ukingoni. Kipande cha mwenyekiti kilikuwa kimesimama. Cha Fundi kilikuwa kimeinama kidogo kisha kikajiinua, na kule chini penye udongo uliochacha, ambapo mwaka uliopita hata gugu lilisitasita, cha kwake ndicho kilichokuwa kizuri kupita vyote. Cha mke wa mwalimu kilikuwa kimechanika majani lakini mashina wima. Changu kilikuwa kimelala chini. Nikajaribu kusema mawe yaliangukia upande ule zaidi. Mwenyekiti akachutama, akachimba kwa kidole, akakinusa, akanitazama. Bado nilikana.

Mtu wa miwa alikuja mchana, akaona kipande changu, kwa sababu ndicho kilichopakana naye. "Madam," akaniambia, "umejaribu bana. Hata mwalimu huanguka mtihani." Kesho yake akapanda gari hadi Kitale, akamwambia senge wimbi limelala tena. Hakudanganya. Alisimulia robo tu. Senge mguu ulikuwa umemvimba, hakuweza kuja kujionea. Akatuma neno kwamba ameshachoka kusikia habari mbili za shamba moja. Tuvune tulicho nacho, tusage, tumpelekee unga. Atapika ugali wake mwenyewe, atakula, na siku ya soko atapiga simu kwenye duka lile lenye simu pale Chwele atoe uamuzi. Mtu wa miwa naye akaambiwa awepo.

Tulikata kwa visu, tukaanika, tukapura kwa fimbo huku tukiimba, tukapepeta hadi punje zikawa safi kama shanga. Tulivuna vipande vitatu. Mwenyekiti alikuwa anakwenda kumwona binti yake Kitale, akabeba unga mapajani njia nzima, hakukubali uwekwe juu ya gari.

Kabla sijawaambia habari ya simu, niseme asante, maana baada ya hapo sitaweza. Asante mwenyekiti, uliyejua samadi ile imetoka wapi na ukanisubiri hadi leo. Asante fundi, uliyefungiwa mlango kwa ajili ya shamba ambalo si lako. Asante mke wa mwalimu, ingawa bado unasema kipande chako ndicho kilichoshinda, na wenzako bado wanasema la, na sidhani mtaafikiana tukiwa hai. Asante mama kwa kufagia kando yangu na si juu yangu. Na kama kuna funzo, chukueni hili la kwangu: shamba si mgeni wa harusi, kwamba ukimrundikia sahani ndiyo umemheshimu. Wimbi linataka kidogo, kilichopoa, na kwa wakati wake. Jaribuni jambo jipya kwenye kipande kabla hamjaliweka kwenye shamba zima. Na anayekaa chumba cha ndani, atoke aende mahali watu wanabishana, hata akiwa na kisu mkononi.

Basi, siku ya soko. Duka lilijaa. Sisi wanne tulikuwa tumebanana kwenye kaunta, mtu wa miwa ameegemea mlango, ameshaongea na dereva wa trekta. Simu ikalia. Mwenye duka akaipokea, akasikiliza, akaninyooshea. Nikaishika kwa mikono miwili.

Senge alianza na mguu. Akaja kwenye mvua ya Kitale, akaja kwa jirani yake anayefuga mbwa wa kelele. Nilikuwa naitikia, "Ndio, Senge," na wenzangu wananivuta nguo. Kisha nikasikia anatafuna.

"Senge, unakula?"

"Nakula. Nilikula jana, nikala asubuhi, na sasa nakula. Huyo mtu wa miwa ako hapo?"

"Ako."

"Mwambie atafute shamba ingine."

Nilimgeukia, nikamwambia. Nyuma yangu Fundi akaanza kupiga vigelegele na mwenyekiti akamziba mdomo, kwa maana senge alikuwa bado anaongea, na mimi, kwa uoga wa kisomi, nilitaka kuhakikisha nimeelewa. Nikauliza ananiachia shamba kwa misimu mingapi.

"Kwani nimetaja misimu?" senge akasema. "Nimesema lima."